Kivu: uzito wa mtoto unaandikwa kila mara, nguvu ya mkono wake inabaki kukisiwa

Kabla ya kutimiza mwaka mmoja, mtoto wa Kivu hupita mikononi mwa muuguzi mara kadhaa. Anachomwa BCG anapozaliwa. Anarudi akiwa na majuma 6, 10 na 14 kwa chanjo zingine, kisha anaitwa tena kwenye mwezi wa tisa kwa chanjo ya surua na ya homa ya manjano. Kila mara anawekwa kwenye mizani, uzito unaandikwa kwenye karte, mama anafunga mtoto mgongoni na kurudi nyumbani. Kama mkono mmoja wa mtoto huyo hauinuki sawa na wa pili, pengine muuguzi ataona. Ila kuona ni jambo moja, kupima na kuandika ni jambo lingine, na hilo la pili linafanyika mara chache sana.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tuzungumzie mikono ya watoto wakati huu, ambapo majimbo yetu mawili ya Kivu yamejaa habari za vita, mazungumzo ya Doha na ya Washington, na bei ya unga. Jibu ni kwamba vita vyenyewe vimeongeza swali hili uzito. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, familia nyingi zimehama, zimerudi, zimehama tena. Mtoto aliyekuwa anafuatwa na mtaalamu wa kine kwenye kituo kimoja, leo yuko kwingine, mbele ya mtaalamu ambaye hajawahi kumuona. Kama hakuna kilichoandikwa, kazi ya miezi yote inaanza upya kutoka sifuri. Na kwa mkono wa mtoto, miezi haisubiri.

Mkono wenye kulegea na mkono wenye kukakamaa

Mkono wa mtoto unaweza kushindwa kazi kwa njia nyingi. Kuna ule unaoumizwa wakati wa kuzaa: bega la mtoto linakwama, mishipa ya neva inayotoka shingoni kwenda mkononi inavutwa, mara zingine inakatika. Mtoto analia vizuri, ananyonya vizuri, ila mkono mmoja unaning'inia kando ya mwili, kiganja kimegeukia nyuma. Kuna ule ambao shida yake iko kwenye ubongo: mtoto alikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au alipata umanjano mkali ambao haukutibiwa, au malaria iliyopanda kichwani, au meninjite. Huyo mkono wake unakakamaa, ngumi inafungwa, kidole gumba kinajificha ndani ya kiganja. Ndio watoto ambao kwenye vituo vyetu wanaitwa kwa kifupi cha Kifaransa, IMC, yaani wenye mtindio wa ubongo.

Kisha kuna majeraha. Maji ya moto na makala ya jikoni, ambapo ngozi inapona huku ikivuta kiwiko au vidole. Mfupa uliovunjika ukafungwa kwa mbao na kamba kwa mganga wa kienyeji, ukakazwa hadi damu ikakosa njia, na vidole vikabaki vimejikunja daima. Risasi na mabomu, tunayajua. Wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, wamekuwa wakitibu majeruhi kwenye hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma kwa miaka mingi, na watoto wamo kati ya wale wanaopokelewa.

Mahali pa kuwapeleka wote hao tunapafahamu: Goma kuna kituo cha walemavu Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, na CICR imesaidia vyote viwili. Ila vituo viwili haviwezi kumuona kila mtoto wa Walikale, Shabunda, Fizi au Masisi. Kwa hiyo swali la kwanza si nani atamtibu mtoto. Swali la kwanza ni nani atajua mapema kwamba anahitaji kutibiwa, na kwa alama gani.

Majuma 14 na mwezi wa tisa

Tuchukue mkono ulioumizwa wakati wa kuzaa, kwa sababu hapo ndipo saa inakimbia haraka kuliko pote. Mama anapouliza, mara nyingi anaambiwa: atapona tu. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni la hatari. Watoto wengi wanapona wenyewe, wengine ndani ya majuma machache. Ila kuna wale wasiopona, na mwanzoni wote wanafanana. Anayewatenganisha ni yule anayepima mara kwa mara na kuandika.

Kipimo chenyewe kipo na hakihitaji mashine. Mwaka 1995, Clarke na Curtis wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, walichapisha njia ya kuangalia miondoko 15 ya mkono wa mtoto mchanga, kuanzia bega hadi kidole gumba. Kila mwondoko unapewa alama kati ya 0 na 7. Sifuri maana yake msuli hausogei kabisa. Hadi alama ya 4, mtoto amelazwa kwa namna ambayo uzito wa mkono haumzuii: kwa mfano analazwa ubavu ili kiwiko kikunjike bila kupandisha mkono. Kuanzia 5 hadi 7, anapaswa kuuinua mkono dhidi ya uzito wake mwenyewe. Na kuna sharti: huwezi kumpa 5 kama hajafikisha 4. Vifaa? Kitu cha kumvuta macho na masikio. Rundo la funguo linatosha, ama chupa ndogo ya plastiki yenye punje chache za mahindi ndani.

Kwa miaka mingi wapasuaji, wakimfuata Mfaransa Alain Gilbert, wamekuwa wakiuliza swali moja kwenye mwezi wa tatu: je, mtoto anakunja kiwiko? Kama hakunji, mishipa yake ichunguzwe kwa upasuaji. Mwaka 1994 kundi la Toronto lilionyesha kwamba swali hilo peke yake linakosea kwa karibu mtoto mmoja kati ya wanane. Walipojumlisha kukunja na kunyoosha kiwiko, kunyoosha kifundo cha mkono, vidole na kidole gumba, makosa yakashuka hadi karibu mmoja kati ya ishirini. Huo ndio umuhimu wa kupima mambo kadhaa badala ya kutazama moja. Mtoto mmoja kati ya wanane si hesabu ndogo ukiwa wewe ndiye mama yake.

Kwa wale ambao mwezi wa tatu haukutoa jibu wazi, Toronto wana kipimo kingine kwenye mwezi wa tisa, nacho kinachekesha kwa urahisi wake. Mtoto anakaa, anawekewa biskuti kwenye kiganja cha mkono wenye shida, mtu anaushika mkono wa juu ubakie kando ya mwili ili bega lisisaidie. Mtoto anapaswa kufikisha biskuti mdomoni kwa kukunja kiwiko, bila kuinamisha shingo sana kuifuata. Akifaulu, kiwiko kinafanya kazi. Asipofaulu, hilo ni jibu pia. Kwetu biskuti inaweza kuwa kipande cha mkate, na hakuna kitakachoharibika.

Sasa angalia tena karte ya chanjo. Majuma 14 ni miezi mitatu na siku chache. Mwezi wa tisa ni mwezi wa surua. Bila mtu yeyote kupanga, kalenda yetu ya chanjo inamleta mtoto mbele ya muuguzi karibu kabisa na siku zile mbili ambazo mkono wake unapaswa kuangaliwa. Hakuna haja ya kumwita mama kwa safari ya ziada, kulipa moto au kulala njiani. Mtoto yuko pale tayari, na nguo zimeshavuliwa kwa ajili ya mizani. Inakosekana dakika tano na mstari mmoja wa kuandikia.

Najua pingamizi linalokuja, kwa kuwa wahudumu wa afya wenyewe hulisema: inasaidia nini kupima, wakati upasuaji wa mishipa midogo ya neva haupatikani kwetu? Kwanza, mtoto asiyepona anahitaji bega lake linyooshwe kila siku, hasa kulizungusha kwenda nje, la sivyo linakauka na mfupa unakua vibaya. Mama akifundishwa mapema, kazi hiyo anaweza kuifanya nyumbani wakati wa kumuogesha mtoto. Pili, kuna upasuaji mwingine unaofanywa mtoto akiwa mkubwa kidogo, wa kuhamisha msuli unaofanya kazi uende kusaidia uliokufa, na huo mpasuaji wa mifupa aliyefundishwa anaweza kuufanya, mradi viungo havijakauka. Tatu, na hapa nazungumza kama raia anayelipa kodi: wizara haitatuma mpasuaji kwa ajili ya watoto ambao hawako kwenye daftari lolote.

Tena nchi hii imeshaonyesha kwamba inaweza. Kwa polio, mhudumu wa afya anajua kwamba mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla lazima atangazwe, choo chake kichukuliwe mara mbili ndani ya siku 14, na achunguzwe tena baada ya siku 60. Hilo linafanyika hata kwenye zoni za afya ambako barabara hakuna. Kwa mguu uliopinda wa kuzaliwa, wataalamu wanatumia alama za Pirani, kutoka 0 hadi 6, dalili sita tu zinazotazamwa kwa macho na kuguswa kwa vidole. Kila juma mguu unapofungwa plasta, alama inaandikwa, na mzazi anaona namba ikishuka. Mguu umepata kipimo chake na umepata njia ya matibabu. Mkono umebaki nyuma, labda kwa sababu mtoto mwenye mkono mmoja anatembea hata hivyo, na jirani hamwoni haraka.

Kuweza si kufanya

Kwa watoto wa IMC jambo ni gumu zaidi. Mashariki mwa Uganda, kwenye wilaya za Iganga na Mayuge, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakichunguza watoto zaidi ya 31,000, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba karibu watoto 3 kwa kila 1,000 wana mtindio wa ubongo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba sisi, jirani wenye vita, tuko chini ya hapo.

Dalili ya kwanza kwenye mkono mara nyingi hupokelewa kwa furaha. Mama anasema: mtoto wangu hana mwaka na ameshachagua mkono wa kushoto! Mtoto mzima hachagui mkono kabla ya miezi 12. Anayechagua mapema hivyo, mara nyingi ni kwa kuwa mkono wa pili haumsikii. Ngumi isiyofunguka baada ya mwezi wa nne nayo inapaswa kuandikwa.

Mtoto anapokua, wataalamu wa kine na wa ergoterapia wana vipimo vingi vya kuchagua, na kila kimoja kinauliza swali lake. Kipimo cha Kanada kiitwacho QUEST, cha watoto wa miezi 18 hadi miaka 8, kinatazama kama mtoto anaweza kutenganisha miondoko, anashika vipi, anaegemea vipi mikono yake na anajikinga vipi akianguka. Kile cha Melbourne, Australia, kinatazama mkono mmoja: unafika umbali gani, unalenga vipi, vidole vina wepesi gani, mwondoko unatiririka ama unakatika. Wasweden wana chao, AHA, ambapo mtoto anapigwa video akicheza na vitu vinavyohitaji mikono miwili, halafu mtaalamu anatazama jinsi mkono dhaifu unavyousaidia mkono mzima, bila kumwambia mtoto autumie.

Hapo ndipo penye siri yote. Mtoto anaweza kushika kikombe kwa mkono wake mbovu daktari akimwambia ashike. Akirudi nyumbani hashiki. Kuweza si kufanya. Anayepima la kwanza pekee ataandika kwamba mtoto anaendelea vizuri, na mama yake atashangaa, kwa sababu nyumbani anaona kingine.

AHA na Melbourne ni vizuri, ila vinadai sanduku maalum la vifaa na mafunzo ya kulipia. Kuvisubiri ni kusubiri bure. Kuna viwili ambavyo havihitaji sanduku. Cha kwanza ni MACS, kilichochapishwa na Wasweden mwaka 2006 kwa watoto wa miaka 4 hadi 18, ambacho kinapatikana bure. Kina ngazi tano tu. Ngazi ya kwanza, mtoto anatumia vitu kwa urahisi. Ya pili, anatumia vingi ila polepole au si kwa ubora uleule. Ya tatu, anatumia kwa shida na anahitaji mtu amtengenezee kitu kwanza. Ya nne, vitu vichache vyepesi na kwa kusaidiwa. Ya tano, hashiki kitu. Anayejibu ni yule anayeishi na mtoto, na swali ni kile anachofanya kila siku, si kile anachoweza siku moja akibembelezwa. Tusiidai MACS kazi isiyo yake: inamweka mtoto kwenye ngazi, haionyeshi maendeleo ya miezi mitatu.

Cha pili ni ABILHAND-Kids, kilichotungwa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2004: kazi 21 za mikono, na mzazi anajibu kama mtoto wake wa miaka 6 hadi 15 anazifanya kwa urahisi, kwa shida, au hawezi. Hiki kinaweza kutumika hata chini ya mti. Ila ukikisoma vilevile kwa mama wa Rutshuru utapata majibu ya ajabu. Kinauliza kuhusu kufungua chupa ya jamu, kuwasha taa ya kando ya kitanda, kufungua chokoleti, kutoa sarafu mfukoni. Sarafu! Franka za Kongo ni za karatasi; mtoto wetu anatoa noti iliyokunjwa mara nne, na kuikunjua kunadai vidole kuliko sarafu yoyote ya Wazungu.

Kazi za kupima mikono tunazo tele. Kuchambua mawe kwenye maharagi ni mtihani wa vidole ambao hakuna sanduku la Sweden litakaloushinda. Kumega bugali, kulifinya na kulichovya kwenye sombe. Kufungua kifuniko cha bido na kumimina bila kumwaga. Kutoa sambaza vichwa. Kufunga kitenge kiunoni. Kusukuma chukudu kwa mikono miwili, kwa wavulana wakubwa wa Goma. Hata hivyo kubadilisha maswali kienyeji hakutoshi, kwa kuwa alama za kipimo zimejengwa juu ya maswali yaleyale. Ukitoa matano na kuweka matano mengine, namba ya mwisho haina maana tena hadi mtu afanye hesabu upya. Hiyo ni kazi ya vyuo vyetu vikuu, na ni kazi ya kumaliza masomo ambayo mwanafunzi anaweza kuifanya bila ndege wala maabara.

Kuna mtego mwingine ambao kipimo cha kigeni hakiujui. Kwetu mtoto anayesalimia au kula kwa mkono wa kushoto anakaripiwa. Mtoto ambaye mkono wake wa kulia umekufa ganzi analazimishwa kuutumia mbele ya wageni, au analishwa na dada yake ili asile na kushoto. Mtaalamu akiuliza: anakula mwenyewe? Mama anajibu hapana. Kwenye karatasi inaonekana mtoto hawezi, wakati ukweli ni kwamba hajaruhusiwa. Muulizaji asipojua desturi hiyo ataandika ulemavu mahali palipo na adabu.

Nchi hii ina somo lake tayari kuhusu namba za kigeni. Kule Kahemba, ambako ugonjwa wa konzo unaotokana na muhogo usiotayarishwa vizuri unalemaza miguu na, kwa walio hali mbaya, hata mikono, watafiti wa Kongo na wa Marekani walipima watoto kwa kipimo cha Kimarekani cha miondoko, Bruininks-Oseretsky. Namba za watoto wa Marekani zisingetosha kuwahukumu, kwa hiyo waliwapima pia majirani wasio na konzo na watoto wa eneo lingine. Ndipo ikaonekana kwamba hata baadhi ya wale waliodhaniwa wazima walikuwa nyuma. Konzo imeshaonekana pia Burhinyi, Kivu Kusini. Anayepima mikono ya watoto wa huko asimlinganishe mtoto na Chicago. Amlinganishe na mwenzake wa kijiji cha pili, na hasa na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Saa 12 kwa mwaka

Kipimo kina faida nyingine ambayo haisemwi sana: kinaonyesha kama tiba inafanya kazi. Watafiti wa Australia walipojumlisha tafiti nyingi za watoto wa IMC, waliona kwamba mtoto anahitaji saa 14 hadi 25 za mazoezi ili afikie lengo moja alilochagua, kama kufunga vifungo vya shati, na saa 30 hadi 40 ili uwezo wa mkono kwa jumla uongezeke. Tufanye hesabu ya kwetu. Mama anayefika kituoni mara mbili kwa mwezi, dakika 30 kila mara, anapata saa 12 kwa mwaka mzima, kama hakuna mvua, vita wala ukosefu wa nauli.

Kwa hiyo tiba yenyewe iko nyumbani, na kazi kubwa ya kituo ni kupima, kuchagua lengo pamoja na familia, kumfundisha mama, kisha kupima tena. Kwenye vituo vingi kinyume ndicho kinachofanyika: dakika 30 zote zinaisha kwenye kukanda na kuvuta mkono wa mtoto aliyelala, na hakuna namba inayoandikwa mwishoni. Mkono uliolegea kwa neva unahitaji kunyooshwa, nimeshasema. Ila kwa mtoto wa IMC, kukanda peke yake hakumfundishi kushika kitu. Anayejifunza kushika ni yule anayeshika, mara mia, kitu anachokitaka. Familia zinauza mbuzi kulipia vikao hivyo. Kipimo kilichoandikwa kingewaambia baada ya miezi mitatu kama fedha zao zinakwenda mahali.

Wataalamu nao wana utetezi wao, na ni wa haki. Wa ergoterapia ni wachache mno, wa kine wanabeba wagonjwa wa kiharusi, wa ajali za moto na wa risasi kwa pamoja. Misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, mashirika mengi yalipunguza kazi mashariki. Kumwambia mtu huyo ajaze fomu ya kurasa nane ni dhihaka. Ndiyo maana nasisitiza vipimo vifupi: ngazi ya MACS ni tarakimu moja, pembe ya kiwiko inapimwa kwa kifaa cha plastiki kinachofanana na kile cha jometri cha mwanafunzi, na video ya dakika mbili kwenye simu ya mama mwenyewe inabeba mengi kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Video hiyo ibaki kwa mama. Picha za watoto walemavu zimeshazunguka vya kutosha kwenye makundi ya WhatsApp.

Karatasi inayosafiri

Mwanzoni mwa 2025 kambi za wakimbizi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Kanyaruchinya, ziliachwa tupu ndani ya siku chache. Watu waliondoka na godoro, sufuria na watoto. Faili za wagonjwa ziko kwenye vituo, na vituo vingine viliporwa. Kile ambacho mama hakukiacha, mara nyingi, ni karte ya chanjo, kwa kuwa anajua ataulizwa. Kama alama ya mkono imeandikwa pale, inavuka vizuizi pamoja naye: kutoka Sake hadi Minova, kutoka eneo la serikali hadi la AFC/M23 au kinyume chake. Mtaalamu mpya anasoma: Machi, kiwiko 3, Juni, kiwiko 5. Anajua mtoto anapona, anaendelea. Au anasoma 2 na 2, na anajua hakuna muda wa kupoteza.

Kisheria mlango uko wazi. Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki hizo, zikiwemo afya na elimu. Mwezi Mei 2023 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi ziingize huduma za kurejesha viungo kwenye afya ya kawaida. Ila mstari mmoja kwenye karte hausubiri Kinshasa. Daktari mkuu wa zoni ya afya anaweza kuomba wauguzi wake, kwenye kikao cha mwezi, waandike alama ya mkono siku ya majuma 14 na siku ya surua.

Matokeo yake yataonekana baadaye darasani. Elimu ya msingi ni ya bure tangu 2019, na watoto wenye mkono mmoja wenye shida wameingia shule pamoja na wengine, madarasa yakiwa na wanafunzi wengi kupita kiasi. Mtoto wa ngazi ya tatu ya MACS ananakili ubaoni polepole. Akifika nusu, mwalimu ameshafuta. Barua fupi ya mtaalamu wa kine yenye ngazi hiyo ingemruhusu mkurugenzi wa shule kumpa muda wa ziada, au kumkalisha karibu na mwenzake wa kumwandikia. Kwa sasa mwalimu anaona daftari lisilojaa, na anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mvivu.